Walisema Amenenepa

Kabula alipoanza kuvimba, watu walinipongeza. Naanza na hapo kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotea. Kama wewe unayesoma una mtoto aliyekonda muda mrefu, halafu mashavu yakajaa ghafla na miguu ikawa minene, usingoje kumaliza habari yangu. Mpeleke hospitali kwanza, utasoma baadaye.

Siku hizo Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Nkololo, nyumba zimeachana, kila boma na ua wake wa minyaa. Niliolewa pale na Malimi, mkulima wa pamba, tukaishi boma moja na mama yake, ambaye alikuwa mjane. Nilimwita mayu, yaani mama, kama tunavyowaita wanawake wote wa heshima kwetu. Kabula alikuwa mtoto wetu wa kwanza.

Pamba ilikuwa imeachiwa wafanyabiashara. Badala ya kusubiri ushirika, tuliona malori ya watu binafsi yanakuja mpaka kijijini na kulipa papo hapo, na mwaka ule wa kwanza kila nyumba ilipata kitu kipya: baiskeli, redio, mabati. Mwaka uliofuata wanaume walilima pamba hadi kwenye mashamba ya mtama. Hata kipande changu cha viazi nyuma ya jiko, Malimi alikipanda pamba. Dawa ya wadudu ambayo zamani tuliipata kwa ushirika haikufika, na wafanyabiashara walisema hiyo si kazi yao. Funza wakala vitumba. Tukavuna kidogo, tukanunua mahindi kidogo, na kufikia Krismasi tulikuwa tunachemsha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, asubuhi na jioni.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya pili. Kabula alikuwa ameanza kutembea tembea, bado ananyonya. Kwetu maziwa ya mwenye mimba yalihesabiwa kuwa mabaya kwa mtoto, kwa hiyo mayu akaniambia nimwachishe, nami nikamwachisha. Nilijipaka mwarobaini kwenye chuchu. Alionja, akanitazama, akaonja tena, halafu hakuomba tena. Nikawa nampa uji wa muhogo, mweupe, mwepesi, na michembe iliyopondwa. Nilidhani ameshiba kwa kuwa tumbo lilikuwa kubwa.

Mwezi wa kwanza Malimi alikwenda Lamadi kutafuta kibarua kwa wapakiaji wa samaki. Siku hizo minofu ya sangara ilikuwa inakwenda viwandani Mwanza na kutoka huko ikapanda ndege, sisi tukibakiwa na mapanki, mifupa na vichwa. Alituletea mapanki mara moja, makavu, tukayachemsha tukanywa mchuzi. Kabula hakuyapata. Mayu alisema mifupa itamkaba, na alikuwa na haki ya kuogopa mifupa.

Mtoto alikonda pole pole, kwa namna ambayo anayekaa naye kila siku haioni. Shanga za kiunoni zilizokuwa zinambana zikawa zinateleza hadi magotini. Aliacha kutembea, akarudi kutambaa, akaacha kutambaa, akawa anakaa pale nilipomweka. Nilipotoka shambani nilimkuta palepale, uso wake umeelekea upande uleule. Nilisema mwenyewe moyoni kwamba ana utulivu.

Halafu mvua za mwezi wa tatu zikaja, na akanenepa.

Jirani yetu mmoja alimshika mashavu akasema Mungu amenikumbuka. Mwingine aliniuliza ninampa nini. Nami nilifurahi. Nilimfunga mgongoni kwenda kisimani nikasikia uzito wake, nikatembea nao nikijivuna, nikasimama kuongea na watu ili wamwone. Miaka imepita mingi na bado kuna siku nikibeba ndoo, au gunia la karanga, uzito ule unanirudia mgongoni. Ulikuwa ni maji.

Dalili zikaanza kujionyesha moja baada ya nyingine. Nilipomwosha miguu, kidole changu kiliacha shimo kwenye unyayo wake, na shimo halikufutika. Nywele zake, zilizokuwa nyeusi na ngumu, zilikuwa laini na nyekundu kama za hindi bichi, na nikizigusa zilitoka mkononi bila kuvuta. Ngozi ya mapaja ilifanya weusi, ikapasuka, ikaanza kubambuka kama ya mtu aliyeungua. Alilia sauti nyembamba, kama paka aliye mbali, uso mkavu. Alilia bila machozi. Hilo lilinitisha kuliko ngozi.

Mayu alimtazama kwa muda mrefu siku moja, akamfunika khanga, akasema amebemendwa.

Kwa asiyejua, ni hivi. Watu wanaamini kwamba mzazi akilala na mtu wa nje wakati mtoto bado ananyonya, kisha akaja kumgusa mtoto huyo, mtoto atanyauka au atavimba, miguu itamwishia nguvu. Wengine wanasema hata mimba ya haraka inatosha. Na baba yake Kabula alikuwa Lamadi, na tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana. Hakuna aliyehitaji kuhesabu vizuri. Mimba niliipata Malimi akiwa nyumbani, tukivunja mabua pamoja, lakini watu wakianza kukutazama tumboni huwezi kuwaeleza mabua.

Aliitwa mganga. Mtoto akaogeshwa dawa iliyomchoma pale ngozi ilipokuwa imetoka, nami ndiye niliyemshika. Nikaitwa mbele ya wazee wa ukoo, nikaulizwa taratibu, bila matusi, nimtaje mwanamume. Nilisema hakuna. Wakasema nikimtaja dawa itafanya kazi, nisipomtaja mtoto atakwenda. Unaona ilivyokuwa. Ilikuwa nichague kati ya uongo na kaburi, na kila aliyekaa pale alikuwa anampenda Kabula. Mayu alikaa nyuma yangu, na nilimsikia anapumua.

Wakatuma ujumbe Lamadi.

Sikumngoja Malimi. Asubuhi moja watu wakiwa kwenye palizi nilimfunga Kabula mgongoni nikaenda zahanati. Mganga wa zahanati alimbonyeza mguu mara moja tu, akaandika cheti, akaniambia nisirudi nyumbani, nipite moja kwa moja hadi hospitali mjini. Nilipata lifti ya gari la mbegu. Nilikuwa na khanga niliyovaa, nyingine ya kumbebea, na kikombe.

Tulisubiri kwenye benchi la nje. Wagonjwa walikuwa wengi, na tulikuwa tunasogea kila mmoja akiitwa. Mwanamke aliyekaa kando yangu alimchungulia Kabula, akaona nywele na ngozi, akajisogeza. Halafu akanyanyuka kabisa akaenda kukaa chini kwenye ukuta. Nilijua anafikiri nini. Ilikuwa miaka ya UKIMWI, na mtu yeyote aliyekonda alikuwa amehukumiwa tayari. Kwa hiyo kijijini nilikuwa mzinzi na kwenye benchi nilikuwa maiti, na bado ilikuwa asubuhi. Yalikuja mawazo ya kuondoka. Kilichonizuia ni miguu, ilikuwa imevimba kwa mimba na kutembea, haikutaka kuinuka.

Walitulaza wodi ya watoto, upande wa mwisho, mbali na mlango kwa sababu ya baridi. Nesi wetu aliitwa Edita, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alimpima damu, akampima uzito, akamfunika blanketi na kofia juu, akaniambia nimlaze kifuani kwangu ngozi kwa ngozi maana mtoto wa namna hii hupoa kama chai. Maziwa yalikuja kwenye kikombe, maziwa ya unga yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kiasi kidogo sana. Nililalamika kwamba ni kidogo. Akasema tumbo lake limesahau kazi, likipewa kingi litamuua. Kwa hiyo kidogo kidogo, mchana na usiku, na Kabula hakutaka. Aligeuza uso ukutani. Siku za kwanza walimpitishia mpira puani. Nilishika mikono yake asiutoe, ingawa hakuwa na nguvu za kuutoa.

Kitanda cha pili alikuwepo Holo. Alitoka upande wa Mwanhuzi, kwa wafugaji, msichana tu, mdogo kuliko mimi, na mtoto wake wa kiume aliitwa Maduhu. Maduhu alikuwa amevimba zaidi ya Kabula, macho yamefunga. Holo alinifundisha namna ya kumwekea kikombe mdomoni kwa pembeni, na kumsubiri, maana kumeza kwake kulikuwa kama kwa mtu anayefikiri. Tuliazimana khanga, moja ikiwa inakauka. Mume wake na ndugu za mume walimwambia hivyohivyo nilivyoambiwa mimi. Tulipogundua hilo tulicheka, kicheko kibaya, mpaka nesi akatunyamazisha.

Sasa nifike mahali ambapo sikuambiwa na mtu yeyote kabla, na ndiyo sababu hasa ya kuandika. Mtoto aliyevimba akianza kupona, hukonda. Kabula alianza kukojoa, akakojoa kutwa, magodoro yakaanikwa, na kila asubuhi nilikuta kidogo cha mtoto wangu kimeondoka. Mashavu yalikwenda. Miguu ilikwenda. Chini ya maji yale hapakuwa na mtoto mnene, palikuwa na mifupa iliyofunikwa ngozi iliyokunjamana, na uso wa kizee kidogo. Daktari alipita akampima, akafurahi. Alisema ndiyo hali yake halisi tunayoiona sasa, na kuanzia hapa atajaza. Nilimwitikia, lakini sikumwamini. Nilileta mtoto mwenye mashavu na mbele yangu walikuwa wanammaliza.

Ndivyo shemeji yake Holo alivyoona alipokuja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mpole, akamtazama Maduhu akiwa mifupa, akasema wanampeleka nyumbani afie kwao. Nesi Edita alimweleza, daktari akaitwa akamweleza. Yule bwana alisikiliza yote kwa heshima, akasema tu kwamba palizi limewashinda nyumbani na baba wa mtoto amesema warudi. Holo alikaa kitandani akikunja na kukunjua khanga. Nilimwambia akatae. Alisema amekataa jana yake kwa mjumbe wa kwanza, hawezi kukataa tena leo.

Niliwasindikiza hadi getini. Maduhu alikuwa mgongoni, kichwa kidogo kimelala upande. Holo alinishika mkono kama tunavyoshikana tukiagana, akaniambia kwa Kisukuma, sauti ya chini ili shemeji yake asisikie:

“Minza, wakiuliza, waambie nilikataa kwanza.”

Sikupata kuulizwa na mtu. Baada ya muda alikuja mama mwingine kutoka upande wa Mwanhuzi, akalazwa palepale kwenye kitanda kile, na nilipomuuliza kama anawafahamu akatazama sakafu, akaniomba sabuni. Nikampa. Sikumuuliza tena. Kuna wakati nikiwa sokoni Bariadi siku ya mnada, nikaona mgongo wa mwanamke na mtoto amelaza kichwa upande ule, hunilazimu kuzunguka mbele nimtazame usoni. Nimeshafanya hivyo mara nyingi, na watu wananishangaa.

Mayu alikuja baada ya Holo kuondoka, wakati Kabula alikuwa amefika chini kabisa ya kukonda. Alikuja peke yake, amevaa nguo za safari, ana mkeka na khanga nzito ya kubebea. Sikuhitaji kuambiwa khanga ile ni ya nini. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za hapo, nikasema nzuri. Halafu akafunua blanketi.

Alimpapasa mbavu. Akasema, “Ng'wanone, mwanangu, hawa wanammaliza. Tumchukue.”

Nilikuwa sijawahi kumkatalia kitu. Katika nyumba yetu mkwe hakatai, huchelewesha. Nilimwambia hapana, mayu, haondoki. Hakukasirika. Aliinama tu akamnyanyua Kabula, kwa mikono ya mtu aliyekwisha nyanyua watoto wengi, na kuanza kumfunga. Nilishika pindo la khanga. Tukawa tumeshikana hivyo, mama na mkwe, mtoto katikati.

Kabula akalia. Haikuwa ile sauti ya paka. Alilia kwa hasira, mdomo wazi, akampiga bibi yake kifuani kwa kiganja. Mayu alimgusa uso kumtuliza, kisha akaangalia vidole vyake. Vilikuwa vimelowa. Alivigusisha kwa midomo yake kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

“Ana machozi,” akasema.

Nesi Edita alikuwa ameingia na vikombe. Alitukuta tulivyo, hakugomba. Alimpa mayu kikombe, akamwambia amnyweshe yeye mwenyewe, maana amemshika vizuri. Mayu akakaa kitandani akamnywesha, na Kabula akanywa, akashika ukingo wa kikombe kwa mikono miwili asinyang'anywe. Alipomaliza alilia tena kwa kutaka kingine. Nilikuwa sijamsikia akitaka kitu tangu siku ya mwarobaini.

Wakati ule nesi akamweleza mayu, kwa Kisukuma, taratibu. Kwamba hakuna aliyembemenda mtoto huyu. Aliachishwa maziwa na hakupata kitu cha kuchukua nafasi yake. Uji mweupe unajaza tumbo lakini haujengi mwili, na mwili usipopata maziwa au maharage au karanga au dagaa huanza kujila, halafu huvimba. Mayu alisikiliza bila kupepesa. Nilitegemea abishe.

Akauliza, “Na wale wa zamani waliovimba?”

Nesi alisema nao ilikuwa hivyohivyo, wengi wao.

“Hata kwenye nyumba yenye ng'ombe?”

Nesi alisema hata kwenye nyumba yenye ng'ombe, kama maziwa hayakumfikia mtoto.

Mayu alinirudishia Kabula. Akafunga vizuri khanga yake, akatoka nje. Nilidhani amekwenda kujisaidia. Alipokawia nikamwomba jirani anishikie mtoto, nikamfuata. Alikuwa amekaa chini, ameegemea kiambaza cha jiko la hospitali, pale akina mama wanapopikia wagonjwa, miguu ameinyoosha mbele kama kwenye msiba.

Nilikaa. Hakunitazama wakati anasema. Alikuwa na watoto wawili kabla ya Malimi. Nilikuwa nasikia tu kwamba walikuwepo, majina hayakutajwa nyumbani. Msichana aliitwa Limi na mvulana aliitwa Masunga. Kila mmoja aliachishwa mwingine alipoingia tumboni, kila mmoja alivimba, na kila mmoja akafa na mashavu yake. Maziwa yalikuwepo, siku hizo boma lilijaa ng'ombe, lakini yalikuwa ya mzee na ya wachungaji, na mtoto aliyeachishwa alipewa uji. Na yeye pia aliitwa mbele ya wazee. Kwa Limi alikataa kutaja. Kwa Masunga, alipoona naye anavimba, akataja. Alilitaja jina la kijana mmoja jirani ambaye hajawahi hata kumsalimia vizuri, ili dawa ifanye kazi, ili mtoto abaki. Masunga akafa. Yule kijana akahama na wazazi wake kwenda Meatu, hawakurudi.

“Kumbe walikuwa na njaa,” akasema. “Walikuwa na njaa na mimi nikawatafutia mwanamume.”

Kilichoniondolea mimi mzigo kilimwangukia yeye, wakati uleule, kwa maneno yaleyale. Wataalamu wakija vijijini siku hizi kufundisha lishe wanaeleza vizuri, na picha wanazo, na mimi huwaangalia bibi waliokaa nyuma. Huwa kuna mmoja anayenyamaza kuliko wenzake. Nikiweza, nakwenda kukaa karibu naye.

Mayu hakurudi nyumbani siku ile. Ule mkeka wake aliutandika chini ya kitanda chetu, akakaa hadi tulipotoka. Alijifunza kupika uji wa unga uliochanganywa na karanga za kusaga, na akawasimamia akina mama wengine kwa ukali. Jioni alikuwa anamkanda Kabula miguu kwa mafuta. Wakati mwingine nilimkuta ameacha kukanda, mikono imetulia juu ya mtoto, naye hayupo.

Malimi alikuja wiki iliyofuata kutoka Lamadi, ananuka samaki, amekonda naye. Ujumbe ulikuwa umemfikia. Alisimama kwenye baraza la wodi, hakuingia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejiandaa njia nzima. Mayu akatoka kabla yangu. Nilikuwa ndani, karibu na dirisha, nikasikia.

“Mimba ni yako,” alimwambia. “Mtoto alikosa chakula. Mimi ndiye niliyesema lile neno, na mimi ndiye ninayelifuta. Ukienda kwa wazee utanikuta nimefika kabla yako.”

Malimi aliingia akakaa kitandani, akamtazama Kabula. Akamnyooshea kidole na Kabula akakishika. Hakuniomba radhi, siku ile wala baadaye. Ila mvua zilizofuata aling'oa pamba ya nyuma ya jiko akapanda kunde, na kila akizipita alikuwa na kawaida ya kuninyanyulia tawi moja kunionyesha zilivyozaa. Nilijifunza kuridhika na hilo. Siku nyingine siridhiki.

Tulitoka hospitali mahindi ya kwanza yakiwa mabichi. Mayu alikwenda kwa miguu hadi kwa kaka yake, ambako ng'ombe wetu wachache walikuwa wamepelekwa malishoni, akarudi na ng'ombe mmoja wa maziwa, akatangaza mbele ya wanaume kwamba maziwa yake ni ya watoto na mwenye mimba. Wazee walinung'unika. Aliwaacha wakinung'unika. Kwenye kikao cha ukoo alisimama akasema ya Kabula, halafu akasema na ya yule kijana aliyehama, jina lake na la baba yake, kwamba hakuwa na kosa. Wengi waliokuwepo hawakumkumbuka kabisa. Waliuliza anamsema nani.

Mtoto wa pili nilimzaa wakati wa kuvuna pamba, mvulana, mzima. Kabula alisimama tena wakati huo, akishika ukuta, akatembea mwezi uliofuata akiwa na miguu iliyopinda kidogo. Nywele nyeusi zilianza kwenye mizizi, kwa hiyo kwa muda alikuwa na kichwa cha rangi mbili, na watoto walimcheka. Hakuwa mrefu. Shule ilimwia ngumu kuliko wadogo zake, na kuna vitu ambavyo sijui kama ni yeye alivyo au ni ile miezi. Halipendi swali hilo, na sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake, sina haki ya kumuuliza.

Kwako wewe uliye kwenye benchi sasa hivi, nina machache. Akikonda baada ya kuvimba, usimwondoe. Ndugu wakija, mpe mmoja wao kikombe amnyweshe. Na wakikuuliza mwanamume, waulize mtoto amekula nini.

Mayu aliishi mpaka akaona watoto wa Kabula. Mwishoni akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Jioni sufuria ikiepuliwa alikaa mlangoni akaita watoto waje wale, akaita wajukuu, halafu akaita Limi, akaita Masunga. Mara ya kwanza nilimwambia kwa upole kwamba hao hawapo. Alinitazama kama mtu anayepewa taarifa ya msiba, akalia, akalala bila kugusa chakula.

Kabula alikuwa amekuja kututembelea na mwanawe. Kesho yake jioni mayu aliita tena, majina yaleyale, akakataa kula mpaka waje. Mimi nilibaki na mwiko mkononi. Kabula alimkabidhi mtoto kwangu, akaenda kukaa chini karibu na bibi yake, akamwekea bakuli magotini.

“Wanakuja, bibi,” akamwambia. “Wananawa mikono.”

Mayu akageuza kichwa kuelekea uani, akasikiliza. Halafu akaanza kula.